Sahani Zilizorudi Zimejaa

Kwa maelezo ya Mama Malimi, mambo yalikwenda hivi. Ijumaa asubuhi, wanafunzi wote wa chuo wakiwa mstarini, yeye alikuwa amekaa nyuma ya jengo akikaanga maandazi yake kama kawaida. Mara akamwona Nancy, yule binti wa Mwandoya, akiingia chumba cha kompyuta kwa kunyata kama paka aliyesikia harufu ya maziwa. Akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa na kitu cha buluu mkononi. Akakipuliza, akakipigapiga, akacheka peke yake, halafu akarudi nacho ndani.

"Kwa macho yangu haya, Kabula," alisema Mama Malimi, akayaonyesha kwa kidole chenye unga. "Sikusimuliwa na mtu."

Kabula alikuwa amesimama upande wa pili wa ua wa minyaa, ndoo ya maji kichwani. Kila asubuhi alipita hapo akitoka kisimani. Alimwamkia jirani yake kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari ya asubuhi, mama, akaitikiwa, akaenda zake kujaza mtungi, kunawa miguu na kuvaa sare ya chuo. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumamosi, hapakuwa na haraka, na maneno yale yalimshika miguu. Alisikiliza mpaka shingo ikamuuma, na maji yakamchuruzika mgongoni asijue.

Chuo chenyewe kilikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba. Miaka ile biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Makampuni yalimiminika Bariadi na malori yao, na ghala la ushirika likabaki tupu, popo wakilala darini. Ndipo wananchi wakaliomba, wakaligawa kwa kuta za matofali, likawa chuo. Upande mmoja walifundisha biashara, upande wa pili upishi na kuhudumia wageni. Chumba cha mwisho kilikuwa na kompyuta zilizofunikwa vitambaa vya buluu. Nyuzi za pamba ya zamani ziliendelea kudondoka kutoka kwenye kenchi, kwa hiyo kila asubuhi mwanafunzi wa zamu alivitoa vitambaa nje na kuvikung'uta.

Kabula alikuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari. Baba yake, Masele, hakutaka binti yake akae nyumbani kuhesabu mawingu. Alitoa mtamba zizini, akamuuza, akalipa karo ya Kabula chuoni. Huko Kabula aligundua kwamba kichwa chake hakikuwa kizito kama walimu wa shule walivyodhani. Hesabu za faida na hasara alizielewa upesi. Mashine ya kompyuta aliiogopa wiki za kwanza, kisha akaizoea kama mtu anavyomzoea ng'ombe mkali, kwa kumwendea polepole kila siku.

Mwalimu Sylvester, aliyefundisha kompyuta, alimpa kila mwanafunzi disketi moja ya buluu ya kuhifadhia kazi zake, na kila mtu alitakiwa kuitunza ya kwake. Aliwaonya juu ya maji, jua, vumbi na sumaku. Kabula aliitunza yake kama yai. Muhula mzima ilikaa ndani ya daftari lake, lakini Alhamisi, kazi ilipokwisha, aliipeleka nyumbani akaiweka mahali penye heshima kuliko pote, kwenye redio kubwa ya baba. Redio ile ilifunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, nacho kilining'inia mbele mpaka kuziba spika. Kabula aliichomeka disketi hapo, kati ya kitambaa na spika. Mtoto gani wa nyumba ile angethubutu kugusa redio ya mzee Masele?

Ndani ya disketi ile kulikuwa na kazi yake kubwa. Bwana Ndalahwa, mfanyabiashara, alikuwa anamalizia nyumba mpya ya wageni karibu na stendi, ghorofa moja, yenye jiko la kisasa na kompyuta mapokezi. Alikiomba chuo kimpe mwanafunzi mmoja tu, akajifunze kazi pale na baadaye aajiriwe. Angemchagua kwa mambo mawili: mpango wa biashara ulioandikwa kwa kompyuta, na jaribio la kupika na kuhudumia meza. Kabula aliandika mpango wa mgahawa wa madereva wa malori ya pamba. Aliandika bei ya mchele wa Maswa, kuni, chumvi, hata sabuni ya kuoshea vikombe. Mwalimu Benedikta, aliyefundisha biashara na upishi, aliusoma akasema ungemshika hata mtu asiye na njaa.

Ijumaa ile aliiacha disketi juu ya meza ya kompyuta, akaenda mstarini. Aliporudi na kuiingiza, mashine ilinguruma, ikakoroma, ikaandika kwamba haikuona kitu. Kazi ya muhula mzima ilikuwa imefutika. Mpango uliobaki mzuri kuliko yote ukawa wa Nancy.

Sasa Kabula akasema, "Mayu, hiyo ni disketi yangu aliyokuwa nayo."

"Si ndiyo hiyo ninayokuambia," alijibu Mama Malimi.

Kabula hakuhitaji zaidi. Nancy alikuwa binti wa mwenye duka, mwepesi wa mdomo. Siku ya kwanza ya kupanga meza, Kabula alipomwagia mgeni maji mpaka yakafurika, Nancy aliwaambia wenzake, "Mwacheni, huyu amezoea kunywesha ndama." Darasa zima lilicheka. Kabula naye alicheka, lakini kicheko kile hakikufika tumboni. Alikiweka. Siku hiyo ya Jumamosi alikitoa, akakipuliza vumbi, akakikuta bado kizima.

Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa kama moto wa kinyesi cha ng'ombe, usiotoa mwali wala usiozimika. Alipokuwa akipepeta mtama aliwaza. Alipokuwa akisuuza vyombo aliwaza. Kumpiga Nancy? Angefukuzwa chuo. Kumshitaki kwa mwalimu? Nancy angeongea maneno mazuri na kushinda. Kabula alitaka aumie mahali ambapo mwalimu hana dawa yake. Ndipo akakumbuka jambo ambalo kila Msukuma wa vijijini analijua tangu utotoni: kutenga.

Mtu aliyetengwa na kijiji haamkiwi. Haazimwi moto, hapewi chumvi, hachotewi maji, na chakula chake hakiliwi. Anayemwonea huruma akala naye, naye hutozwa faini na kutengwa. Ni adhabu kubwa, na wazee huitoa kwa shida. Kabula aliitoa Jumatatu, jikoni, huku akimenya vitunguu. Aliwaambia wenzake aliyoyasimulia Mama Malimi, akaongeza kwamba mtaani Nancy amekwisha kutengwa. Hilo la mwisho lilikuwa la kwake mwenyewe. Wenzake walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwamkia Nancy, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, hakuna aliyemwamkia.

Nancy aliingia, akasalimu, akasikia visu tu vikigonga mbao. Akadhani wanamtania. Akasema kwamba kama kuna msiba wamwambie naye alie. Visu vikaendelea kugonga. Akatazama huku na huku, na Kabula, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kumtazama, aliona kicheko kikimtoka usoni taratibu kama maji yanavyonywea mchangani. Nancy naye alikuwa Msukuma. Alielewa.

"Kabula," alisema baadaye, sufuria yake ikichemka, "naomba chumvi."

Kopo la chumvi la wanafunzi wote lilikuwa mbele ya Kabula. Alilichukua, akalifunika vizuri, akaliweka kabatini, akaendelea kumenya vitunguu. Alisikia utamu moyoni, utamu wa asali iliyoibwa.

Hakuishia hapo. Kwa siku ya jaribio, Mwalimu Benedikta alikuwa amemwomba Mama Malimi alete wanawake wa sokoni wawe wageni, kila mwanafunzi na meza yake. Kabula alimfuata jirani yake kwenye ua wa minyaa na kumweleza kwa upole kwamba itakuwa ajabu, mtu aliyeona uovu kwa macho yake kula chakula cha mwovu. Mama Malimi alifurahi kupewa kazi. Kufikia jioni soko zima lilijua kwamba atakayegusa wali wa yule binti wa Mwandoya atakuwa amejitafutia balaa.

Siku ikafika. Nancy alipika wali wa samli, kuku wa kienyeji na mchicha. Harufu yake ilitembea ghala zima, na hata Kabula aliyekuwa na meza yake alimeza mate. Nancy alitandika kitambaa cheupe, akawanawisha wageni wake, au alitaka kuwanawisha. Mama Malimi na wenzake waliweka mikono mapajani. Nancy alipiga goti na birika, akangoja. Wakatazama dari. Akapakua, akaweka sahani mbele yao kwa mkono wa kulia kama walivyofundishwa, akasema, "Karibuni chakula, akina mama." Hakuna aliyegusa kijiko. Mvuke ulipaa, ukapungua, ukaisha. Samli ikaganda pembezoni mwa sahani.

Kwenye meza ya Kabula watu walikula na kulamba vidole.

Bwana Ndalahwa alipita akitazama. Kwake chakula kilikuwa na hukumu moja tu, sahani inarudije jikoni. Sahani za Kabula zilirudi na mifupa. Sahani za Nancy zilirudi zimejaa. Akatikisa kichwa na kupita. Mwalimu Benedikta alionja wali ule mwenyewe, akakunja uso kwa mshangao maana ulikuwa mzuri, akawauliza wageni kulikoni. Mmoja alisema ameshiba tangu nyumbani. Wengine walikubali kwamba nao wameshiba.

Nancy hakulia. Alisafisha meza, akaosha sahani, akazifuta moja moja. Kesho yake alipanda basi la Mwandoya na sanduku lake. Nafasi ya Bwana Ndalahwa ikapewa Kabula, mradi aandike upya ule mpango wake.

Mwalimu Sylvester alimpa disketi nyingine. Kabula aliandika juma zima, na safari hii kazi ilienda haraka kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani. Ijumaa alimaliza. Akaibeba disketi nyumbani, akaichomeka palepale nyuma ya kitambaa cha redio, akalala kama mtu aliyelipa kisasi chote.

Jumatatu mashine ilinguruma, ikakoroma, ikaandika kwamba haikuona kitu.

Jina la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa la Nancy. Lilifika kwenye meno likakwama. Nancy yuko Mwandoya. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, Kabula aliichukua disketi akaenda kuuliza.

Mwalimu Sylvester alimuuliza kama imemwagikiwa maji, kama aliianika juani. Kisha akauliza anaiweka wapi. Kabula akamweleza. Mwalimu hakucheka. Alifungua kabati, akatoa spika ya redio iliyokufa, akasogeza pini karibu nayo. Pini ikaruka, ikanasa.

"Nyuma ya kila spika kuna sumaku, Kabula. Maandishi ya disketi yameandikwa kwa sumaku, na sumaku ndiyo inayoyafuta. Kosa ni langu pia. Nilisema sumaku, sikusema redio."

Nyumbani, baba yake akiwa zizini, Kabula alichukua sindano ya mama yake na kuinua kile kitambaa cha maua. Sindano ilimponyoka vidoleni, ikaenda kugota mbele ya spika, ikatetemeka kidogo, ikatulia. Alikaa chini sakafuni.

Angeweza kunyamaza. Mwalimu Sylvester alijua habari ya sumaku, lakini hakujua habari ya chumvi. Mwalimu Benedikta alijua habari ya sahani, lakini hakujua chanzo. Nafasi ilikuwa yake, na mpango angeuandika tena. Kunyamaza hakukuhitaji hata jasho. Alikuwa amekwisha kuichomoa sindano na kuirudisha mahali pake, pale Mama Malimi alipomwita kutoka uani.

Mama Malimi alikuwa amesikia kwamba disketi imeharibika tena. Akasema hashangai. Ni yuleyule. Jana jioni amemwona akizunguka nyuma ya chuo, amejitanda kanga usoni, lakini mwendo ule si wa kumpotea mtu. "Kwa macho yangu haya, Kabula."

Kabula aliyatazama macho yale. Yalikuwa macho ya kawaida, mekundu kidogo kwa moshi, na hayakuwa na aibu. "Mayu," alisema, "ile mara ya kwanza uliona nini hasa?"

"Si nilikuambia. Kitu cha buluu."

"Disketi?"

"Disketi uliitaja wewe. Mimi siijui hata sura yake." Mama Malimi akaanza kukasirika. "Alikuwa anakipigapiga, vumbi linatoka. Sasa unaniuliza kama polisi?"

Vumbi. Vitambaa vya kompyuta vilikuwa vya buluu. Kabula aliondoka bila kuaga, akaenda zizini, akamwambia baba yake yote, tangu kicheko cha ndama mpaka kopo la chumvi. Masele alikuwa anamfunga ndama kamba. Hakuacha kazi mpaka mwisho wa maneno.

"Mimi nimekaa mikutano ya kijiji tukitenga watu," alisema. "Nimemnyima mtu moto na chumvi, na sijutii. Lakini yule mtu tulimwita kwanza. Tulimweka katikati, tukamwambia anayemshitaki asimame aseme mbele yake. Wewe ulimwita Nancy?"

"Hapana, baba."

"Ulimuuliza lolote?"

"Hapana."

"Basi usiseme ulilipa kisasi. Kisasi kina mtu aliyekukosea. Wewe ulimpiga mpita njia." Akafunga fundo la mwisho. "Mama Malimi alitupa mbegu, kweli. Shamba alilima nani? Mtu akikusimulia jambo, uliza. Na ukiwa na hasira, uliza mara mbili kabla hujanyanyua mkono, kwa sababu mkono wa hasira ukishatoka haujui njia ya kurudi. Kesho tunaenda Mwandoya. Utasema wewe, mimi nitasimama tu."

Walimkuta Nancy dukani kwa baba yake akipima sukari. Kabula alisema yote akiwa amesimama mbele ya wateja. Alisema kwamba Nancy hakutengwa na mtaa wowote, huo ulikuwa uongo wake yeye Kabula. Nancy aliendelea kupima, akafunga pakiti, akampa mteja. Ndipo akasema jambo moja tu.

"Ijumaa ile ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nakung'uta vitambaa. Ungeniuliza ningekuambia."

Kabula alirudi Bariadi akayasema hayohayo mbele ya Mwalimu Benedikta, mbele ya darasa, na mbele ya Bwana Ndalahwa, ambaye alimsikiliza huku akichezea funguo zake na mwishowe akasema kwamba yeye hawezi kumweka mapokezi mtu anayefukuza wageni kwenye meza ya mwenzake. Mwalimu Benedikta akaamua Nancy aitwe na jaribio lirudiwe. Sokoni kulikuwa kugumu zaidi. Alikwenda genge kwa genge. Wengine walimwambia ana bahati si rika lao, wangemchapa. Mama Malimi alisema yeye hajawahi kusema lolote, ila atakuja kula, maana wali ule ulikuwa umemtesa kwa harufu.

Jaribio likarudiwa. Nancy alikuja na sanduku lake na uso uliofungwa. Kabula, aliyepewa kazi ya kuosha vyombo siku hiyo, alilitoa kopo la chumvi kabatini, akaliweka kwenye meza ya Nancy, karibu na mkono wake wa kulia. Nancy hakulitazama. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa chumvi aliyokuja nayo kutoka Mwandoya, akaitia kwenye sufuria.

Wageni walinawa. Wakala. Mama Malimi aliomba aongezwe, kisha akaomba tena. Sahani zilirudi jikoni na mifupa mitupu, na Bwana Ndalahwa akazitazama, akamwambia Nancy aanze kazi mwezi unaofuata. Mwalimu Benedikta alimwambia Kabula kwamba atamaliza masomo yake kama wengine, na nafasi nyingine zitakuja kwa sababu mji unakua. Lakini kwanza amalize vile vyombo.

Watu walipoondoka, ghala likawa kimya. Wali ulikuwa umebaki kidogo. Kabula alikausha mikono, akatandika upya kitambaa cheupe, akakilainisha kwa viganja. Akaweka sahani mbili zinazotazamana, akapakua, akaweka birika la maji ya kunawa. Katikati aliweka kopo la chumvi, kifuniko chake bado kimefungwa. Kisha akavuta kiti cha upande wa pili, kama walivyofundishwa kumvutia mgeni.

Nancy alikuwa mlangoni, sinia amelikumbatia kifuani.

"Nancy," alisema Kabula, "naomba ukae tule."

Nancy alitazama kiti. Akatazama kopo la chumvi. Juu, kwenye kenchi, uzi wa pamba ya zamani uliachia, ukashuka polepole, ukatua kwenye kitambaa kati ya sahani mbili. Mvuke wa wali ulikuwa bado unapaa, na Kabula alibaki ameshika mgongo wa kiti, akingoja.